Kompyuta, Penseli na Sikio la Nthiga

Mimi hakuna kitu kinachoweza kunishangaza katika kazi ya picha. Nasema hivyo bila aibu, na mwenye ubishi aje aniulize. Nimempiga picha bwana harusi aliyelala usingizi akiwa amesimama. Nimempiga mzee aliyekwisha kufa, ndugu zake wawili wamemshika mabega akae wima kitini, kwa sababu hakuwahi kupigwa picha akiwa hai. Nimemtoa mume wa kwanza kwenye picha ya harusi nikamweka wa pili, na suti ikabaki ile ile. Elimu yangu ni darasa la tano, na hilo la tano lenyewe sikulimaliza. Lakini kutoka Mitunguu nilikozaliwa mpaka hapa Embu mjini, ukiingia nyumba yenye picha nzuri ya zamani ukutani, uliza ni nani aliyeisafisha.

Nawaandikia nyinyi vijana mliobaki kwenye studio, kwa kuwa yangu nimeifunga juzi tu na bado sijazoea kuamka asubuhi nikiwa sina mahali pa kwenda. Msitarajie niwaambie nilivyojenga nyumba ya mawe pale Manyatta. Iko, pitieni muione. Nitawaambia kazi.

Nilianza Meru mjini kwa Mzee Kirimi. Alikuwa mtu mfupi, vidole vyake vimegeuka rangi ya kahawa kwa ajili ya dawa za chumba cha giza, na alikuwa anakohoa mchana kutwa. Siku ya kwanza alichukua negativu, ile filamu ambayo picha huchapwa kutoka kwake, akaishika mbele ya dirisha, akaniuliza naona nini. Nyinyi wa picha za rangi hamjui mambo haya. Kwenye negativu ya zamani, meno ni meusi, nywele ni nyeupe, macho yanawaka kama taa. Nikamwambia naona shetani.

"Ni chifu," akasema. "Lakini hujakosea sana."

Kwa muda mrefu sikugusa kazi yenyewe. Niliosha trei, nilichota maji, nilipiga pasi makoti ya kuazima wateja. Halafu akaniweka kwenye meza ya kusafishia nyuso. Ilikuwa meza ya mbao iliyotobolewa katikati, na chini yake kioo cha kurudisha mwanga wa dirisha. Negativu inalala juu ya lile tundu, unaipaka dawa kidogo ya kunatanata, halafu unaingia na penseli. Penseli yenyewe unaisugua kwa msasa mpaka ncha inakuwa ndefu na nyembamba kama mwiba wa mgunga. Unagusa tu, hukandamizi. Kovu linaondoka, mikunjo inaondoka, mama wa watoto tisa anarudi kuwa msichana. Kirimi alinifunga vitambaa machoni mara kadhaa nikazoea kuchonga penseli bila kutazama. Alisema mkono ukishajua, jicho linapumzika. Alisema kweli, ila hakunieleza jicho likipumzika moja kwa moja mtu afanye nini.

Nilipohamia Embu nilifungua studio yangu nyuma ya soko, chumba kimoja na pazia. Siku za malipo ya kahawa watu wa Kanja walikuja mpaka foleni inafika kwa muuza viatu. Mtu anavua nguo za shambani, anavaa koti langu, anachukua saa yangu mkononi, anakuwa bwana mkubwa kwa dakika tano. Nilikuwa na makoti matatu na viatu vya saizi moja. Wenye miguu mikubwa niliwapiga mpaka magotini. Kwa miaka mingi hakuna mteja hata mmoja aliyenirudishia picha. Andikeni hilo mahali.

Halafu mambo yakaanza kuharibika, na yaliharibika kwa mpangilio kama mtu aliyetumwa. Kwanza ilikuja mashine ya rangi ya kutoa picha unaposubiri. Watu wakaacha kutaka kusafishwa, wakawa wanataka haraka. Wakatokea wapiga picha wa kutembea na baiskeli. Kazi niliyobaki nayo ilikuwa moja tu, picha za marehemu. Mtu akifa, familia inagundua hakuna picha ya kuweka juu ya jeneza isipokuwa ile ya kitambulisho, ndogo kama stempu, na wanakuja kwangu niikuze na kuisafisha. Nilikuwa nasema kwa utani kwamba nalishwa na wafu. Halafu hata utani ukaisha, kwa sababu jicho la kushoto lilianza kuniacha. Daktari alinitazama, akaniambia ni presha ya macho. La kushoto halitarudi, na la kulia litalifuata polepole.

"Polepole ni kiasi gani?" nikamuuliza.

"Wewe unafanya kazi gani?"

Nikamwambia. Akatazama chini kwenye meza yake, akaniandikia dawa ya matone.

Hapo ndipo nilipoingia mambo ya kompyuta. Kulikuwa na shirika moja dogo linafunga ofisi yake hapa mjini, linauza viti na makabati, na ndani yake kulikuwa na kompyuta na skana, yaani ile mashine ya kuingiza picha ndani ya kompyuta, na printa. Nilikuwa nimeambiwa kwamba kwenye kompyuta unaweza kulikuza jicho la mtu likawa kubwa kama sahani. Nikafikiri: kama jicho langu limekuwa dogo, basi picha na iwe kubwa. Nikanunua vyote, nikaviweka sebuleni Manyatta. Mke wangu, Mama Kendi, alivishonea kitambaa cha kufunika, lakini hakuvipenda.

"Hii ni televisheni gani haina habari?" akaniuliza.

"Ni ya kazi."

"Basi ifanye kazi tuone."

Haikufanya. Nilikuwa nimedhani kompyuta ni kama kamera, ukinunua umenunua. Kumbe kuna mashine na kuna programu, na kila programu ina kazi yake, na hiyo ya picha haikuwemo. Ilikuwamo ya kuchora tu, ya kuchezea watoto. Nilijaribu nayo kuondoa kovu kwenye paji la uso la shemeji yangu. Niliondoa paji lote.

Nikaenda Nairobi kutafuta ile ya picha. Kijana wa dukani alikuwa amevaa tai nzuri kuliko zile za studio yangu. Akanitajia bei. Nikamwambia nimeuliza programu moja, sikuuliza duka.

"Mzee, hiyo ndiyo moja," akasema, akafungua boksi anionyeshe. Ndani kulikuwa na kitabu kinene na CD moja. Nikamuuliza kama bila kitabu bei inashuka, kwa sababu kitabu chenyewe ni cha Kiingereza na mimi nisingekisoma. Akamwita mwenzake aje asikie. Walicheka vizuri, kwa heshima, wakanipa kiti. Kwa pesa ile ningenunua robo eka kule Mitunguu na migomba juu yake.

Nikatoka nje. Kwenye ngazi za jengo lingine kulikuwa na mwanamume anayeuza CD za kunakili, ameziandika kwa kalamu ya wino. Nikamwambia nataka ya picha. Akanipa. Nilipoifungua nyumbani ilikuwa ni kwaya, watu wanaimba kwa lugha nisiyoijua. Mama Kendi aliipenda sana. Ni kitu cha kwanza kutoka kwa ile kompyuta alichokikubali.

Aliyenisaidia ni Wanja. Huyu alikuwa mwalimu wa taipu hapa mjini tangu tukiwa vijana wote. Taipu zilipokufa, akahamia kompyuta kwa kulazimishwa, kama mimi. Chuo chake kilikuwa juu ya duka la mbegu. Alikuwa na rundo la magazeti ya kompyuta ya kutoka ng'ambo, na kila gazeti limebandikwa CD yenye programu za kujaribu.

"Fundi, hii hapa ni ya picha," akaniambia. "Ni bure siku thelathini."

"Halafu?"

"Halafu unatuma pesa Amerika kwa mtu aliyeitengeneza. Yeye anakutumia namba ya kuifungua."

"Na nisipotuma?"

"Inajifunga."

"Huyo mtu ananijua?"

"Atakujulia wapi?"

"Sasa anampa vipi mtu asiyemjua kitu siku thelathini? Mimi hata koti simwazimi mtu bila yeye kuacha kitambulisho."

Wanja akasema huko ndivyo wanavyoishi. Akaniandikia kwenye karatasi vitufe vya kubonyeza, kimoja kimoja, kwa Kiswahili. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa herufi. "Picha ni mambo yako," aliniambia. "Usiniulize baadaye."

Nitawaambia ukweli, hizo zilikuwa siku nzuri, na ni chache sana ninazoweza kuziita hivyo tangu siku ya yule daktari. Nilikuwa naingiza picha, naikuza mpaka kope moja ya mtu inakuwa nene kama kamba, na jicho langu bovu linaiona. Mkono uliokuwa umefundishwa na Kirimi ulijifunza ile panya ya kusukuma mezani ndani ya wiki. Nilimsafisha shemeji, nilimsafisha mama yangu, nilimsafisha Kirimi mwenyewe kutoka kwenye picha tuliyopigwa pamoja. Nikasema kumbe bado nina miaka kumi ya kazi. Nilimwambia hata muuza viatu.

Siku zile thelathini zikiwa karibu kwisha, akanifuata nyumbani Mwalimu Njiru, mkuu wa shule moja kule chini kwenye joto, Mbeere, ambaye pia alikuwa mzee wa kanisa. Baba yake alikuwa amefariki, Mzee Nthiga, mfugaji wa mbuzi. Mwalimu akatoa kitambulisho cha marehemu kwenye bahasha.

"Nataka ya kuweka juu ya jeneza," akasema. "Kubwa, kwa fremu."

Nikaitazama kwa lenzi. Alikuwa mzee wa zamani hasa. Masikio yote mawili yalikuwa yametobolewa na kuvutwa, kama walivyofanya vijana wa wakati wao. La kushoto lilikuwa na kitanzi kikubwa kinachoning'inia karibu na bega. La kulia lilikuwa limekatika, kitanzi kimeachana, vipande viwili vinaning'inia kama kamba iliyokatwa.

"Unayaona hayo masikio?" Mwalimu akaniuliza.

"Nayaona."

"Askofu anakuja."

"Askofu hajawahi kuona masikio?"

"Fundi, fanya kazi. Baba alibatizwa wiki yake ya mwisho, pale kitandani. Nataka aende kama alivyobatizwa. Na hicho kitambulisho nakitaka leo leo. Naibu wa chifu anakichukua ndipo atupe kibali cha kuzika."

Hiyo ndiyo sheria, mnaijua. Mtu akifa, kitambulisho kinarudi serikalini. Nikaingiza ile picha kwenye kompyuta mbele yake, nikamrudishia kitambulisho chake, akaondoka nacho.

Sasa hapa mnisikilize, kwa sababu hapa ndipo kazi ya zamani na kazi ya sasa zilipoachana na mimi nikiwa katikati. Katika kazi yetu, penseli inakaa juu. Negativu yenyewe iko chini, haijaguswa. Ukikosea, au mteja akisema umrudishie kovu lake, unachukua pamba, unaichovya kwenye spiriti, unapangusa, na uso wa zamani unarudi vile vile ulivyokuwa. Nimefanya hivyo mara nyingi. Kuna mzee mmoja wa Kanja niliyempangusa mara tatu, mpaka akaridhika na umri wake. Kwa hiyo nilipofunga matundu ya masikio ya Nthiga pale kwenye kioo cha kompyuta, nikapandisha ncha zake zikawa za mviringo, laini, masikio ya karani, sikuwa na wasiwasi wowote. Nilihifadhi. Kompyuta ikaniuliza kitu fulani kwa Kiingereza, nikabonyeza ndiyo, kama nilivyokuwa nabonyeza kila siku.

Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizopata kufanya. Nasema hivyo na sitaki kubishana. Hata mimi niliyeyaona yale masikio nilishindwa kuona mahali nilipopita.

Kabla sijachapa, siku zikaisha. Programu ikakataa. Wanja akaja, akairudisha nyuma tarehe ya kompyuta, ikadanganyika mara moja, nikachapa. Mwalimu alipoiona akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

Nilienda kwenye mazishi kwa sababu walinipa pia kazi ya kupiga picha za siku hiyo. Jeneza lilikuwa chini ya turubai, picha ya Nthiga juu yake, na maua ya plastiki. Mjane aliletwa akishikwa mikono na wake wa wanawe. Jina lake Ciarunji, tulimwita Cucu, yaani nyanya, bibi mdogo wa mwili, na yeye pia masikio yake yalikuwa ya zamani. Akasimama mbele ya jeneza. Nikajiandaa na kamera, maana hapo ndipo watu hulia na ndiyo picha wanayoitaka baadaye. Hakulia.

"Huyu ni nani mmemweka hapa juu?" akauliza.

"Mama, ni Baba," Mwalimu akasema.

"Baba ya nani?"

Watu walidhani ni uchungu. Akina mama wakaanzisha wimbo. Yeye akanyoosha kidole, akakiweka juu ya kioo cha fremu, pale kwenye sikio la kulia, akawa anasugua kama anayeondoa vumbi. Alisugua mpaka wakamtoa.

Siku ya soko iliyofuata nilimkuta amekaa kwenye kiti changu cha wateja, na mfuko mdogo wa ndengu za kuchemsha miguuni.

"Wewe ndiye ulimshona mzee wangu?"

"Nilimsafisha, Cucu."

"Kwani alikuwa mchafu?"

Akaniambia nikae, anieleze kwa nini amekuja. Nthiga alipokuwa analeta mahari kwao, kati ya mbuzi kulikuwa na beberu mkali, na baba yake Ciarunji akataka kumkataa mbuzi huyo. Nthiga akainama amshike, awaonyeshe wazee kwamba ni mpole. Pembe ikaingia kwenye kitanzi cha sikio.

"Alisimama pale, damu imefika mpaka kwa kiwiko," akasema, "na anawaambia wazee, 'Mnaona? Ni mpole.' Mimi nilikuwa nachungulia kwa mlango. Nilikuwa nimekataa kuolewa, fundi. Hapo ndipo nilikubali." Alicheka kidogo bila sauti. "Sasa Njiru ameniwekea huyo wako kwa ukuta. Mimi nikifumba macho naona huyo. Namtafuta Nthiga, hatoki. Anatoka huyo wa shule. Nirudishie wangu."

"Kwa nyumba hakuna picha nyingine?"

"Nani angempiga? Mbuzi?"

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Nikamwambia mzee wake yuko ndani ya kompyuta yangu, mzima, na siku ya soko inayokuja atamchukua. Nilisema kwa sauti kubwa, kama ninavyosema mambo yote.

Nikafika nyumbani, nikawasha. Programu ilikuwa imejifunga. Nikamwita Wanja, akairudisha nyuma tarehe, safari hii haikudanganyika. Akaitoa yote akaiweka upya kutoka kwenye CD, ikakumbuka kwamba siku zimekwisha. Akajaribu kuifungua ile faili kwa programu nyingine tatu, zote zikakataa, kwa sababu faili ya programu hiyo inafunguliwa na yenyewe tu.

"Ile ya kwanza, kabla hujaigusa, uliihifadhi kando?" akaniuliza.

"Iko chini ya hii."

"Chini wapi?"

"Chini, Wanja. Kama negativu."

Akaigeuza ile CD akaitazama. Halafu akasema, "Labda. Hii programu mimi siijui."

Nilienda kwa Mwalimu Njiru. Akaniambia mama atazoea, na nisimfungulie kidonda. Nilienda ofisi ya vitambulisho. Karani, mtu wa adabu sana, akanieleza kwamba vya marehemu vikifika huko juu vinakatwa, na picha haitolewi kwenye faili ya mtu. Nikarudi studio, nikachukua nakala ya ile picha niliyobaki nayo, nikachonga penseli, nikajaribu kulirudisha lile sikio kwa mkono, vile Cucu alivyoniambia. Kwa jicho langu niliona ni zuri. Siku ya soko nikamwonyesha.

"Hili ni la mtu mwingine," akasema. Halafu akaliangalia tena. "Au la mbuzi."

Kwa hiyo nikaamua kulipa. Mimi, niliyezunguka Nairobi nzima kukwepa kulipa, nikaenda benki kununua hundi ya dola. Yule binti wa dirishani akaniuliza nanunua nini Amerika.

"Sikio," nikamwambia. Nikamweleza yote, akaandika "programu", kwa sababu fomu ilikuwa na nafasi ndogo.

Wanja aliandika barua. Tukatuma. Tukapiga simu ng'ambo mara mbili kuuliza kama imefika; ya pili mtu akajibu haraka haraka kwa Kiingereza cha puani, Wanja akasema amesema asante au amesema Alhamisi. Mvua zikaja, barabara ya kule chini ikakatika, na bado kila siku ya soko ambayo gari liliweza kupita, Cucu Ciarunji alifika. Anakaa kwenye kile kiti. Wateja wachache waliobaki walidhani ni mama yangu. Hakuwa anauliza kitu. Ananiangalia nikiingia, mimi natikisa kichwa, anafungua mfuko wake anakula kidogo, halafu anaondoka. Siku nyingine alikuwa anafumba macho, uso umekaza, kama mtu anayejaribu kusikia kitu cha mbali, halafu anayafumbua.

"Bado ni huyo wa shule," ananiambia.

Wakati huo jicho la kulia nalo lilikuwa limeanza. Nilikuwa naona mlango wa studio lakini sioni kingo zake. Sikumwambia mtu.

Kifurushi kilifika posta. Hawakutuma namba peke yake, walituma CD nyingine na kitabu, kwa wema wao, kwa hiyo kukawa na ushuru. Nikalipa. Sikusubiri. Nilitoa kompyuta Manyatta, nikaifunga kwa blanketi, nikaileta studio siku ya soko ili amwone mzee wake pale pale. Wanja alikuja kuandika ile namba. Cucu tulimsogezea kiti mpaka mbele ya kioo.

Programu ikafunguka. Nthiga akatokea, mkubwa, na masikio yake ya karani.

"Subiri, Cucu," nikamwambia. "Sasa nampangusa."

Kwenye programu hiyo kulikuwa na kifutio, kimechorwa kama kifutio cha shule. Nikakichukua. Nikakishusha juu ya sikio la kulia, polepole, kama ninavyoshusha pamba yenye spiriti. Nikapitisha mara moja.

Chini yake kulikuwa na nyeupe. Nyeupe tupu, kama karatasi. Nikadhani sijafika chini, nikapitisha tena, pana zaidi. Nyeupe. Sikio lote likaondoka, na shavu kidogo. Wanja akaniwekea mkono begani, akasema kwa sauti ya chini, "Fundi. Hakuna chini."

Nilikaa na ile panya mkononi. Muuza viatu alikuwa anabishana na mtu nje kuhusu saizi, na tulimsikia neno kwa neno.

"Sasa umelikata lote," Cucu Ciarunji akasema.

"Cucu..."

"Basi. Usimguse tena." Akainama akachukua mfuko wake wa ndengu. "Hata pembe ilikuwa imebakisha."

Akaondoka kwa miguu yake, hakutaka kusindikizwa. Soko lililofuata hakuja, wala lile jingine. Mwalimu Njiru nilikutana naye baadaye mjini, akaniambia mama ameigeuza ile fremu ikatazama ukuta, na kwamba hataki itajwe.

Mimi nilifunga studio mwisho wa mwezi huo. Meza ya tundu niliiuza kwa fundi wa saa. Kompyuta iko Manyatta chini ya kitambaa chake, na Mama Kendi bado anaiwekea ile kwaya. Nyinyi mtapata programu nzuri kuliko hiyo, na pengine za bure kabisa, na mtazijua kuliko mimi. Kabla hamjagusa uso wa mtu, hifadhini ule wa kwanza kando, kwa jina lake mwenyewe, halafu ndipo muanze. Kwa kulijua hilo moja nililipa hundi ya Amerika, gharama za benki, simu mbili za ng'ambo, stempu na ushuru wa kifurushi, jumla shilingi elfu tisa, mia nne na themanini na tano.